Ng'ombe Wasiohesabiwa wa Makuza

Verdiane binti Makuza, wa kijiji cha Karuba kule vilimani, alikuwa na kila kitu alichohitaji ili aende Ulaya kusomea utengenezaji wa jibini. Alichokosa ni baba mwenye akili kwa muda wa simu moja. Chuo kikuu kilikuwa kimemkubali. Diploma yake ilikuwa imegongwa mihuri hadi jina lake likawa shida kusomeka. Alikuwa ameshafika Kinshasa, akakaa kwa shangazi yake Solange, akatoa alama za vidole na kujibu maswali ya bibi mmoja nyuma ya kioo, tena kwa Kifaransa safi. Kilichobaki ni ofisi ya viza kumpigia simu mdhamini wake na kuhakikisha kwamba ataweza kumtunza huko ugenini.

Mdhamini huyo ndiye Makuza. Hebu tumtazame kidogo, maana watu wa aina yake ni wengi mno kule vilimani, na kila mmoja anajiona wa peke yake. Makuza alikuwa na malisho mapana, maziwa yake yalishuka kila asubuhi kwa madumu juu ya pikipiki, na buti zake za mpira zilikuwa mpya kuliko za padri. Tangu binti yake apate barua ya chuo, alijipiga kifua kanisani, sokoni Mushaki, hata matangani. "Mutoto yangu anaenda Bulaya," alisema, wala hakuna aliyemwuliza. Lakini umwulize ana ng'ombe wangapi! Hapo sauti ilishuka, shingo ikazama mabegani, akawa maskini wa kuombewa. Wafugaji wa kule hawahesabu ng'ombe mbele ya watu. Ni utovu wa adabu, na wengine huamini kuwa ni kuita kifo zizini. Anayeulizwa hujibu kwamba ana tungombe tudogo tu, yaani ving'ombe vichache visivyo na maana, na muulizaji mwenye malezi haulizi tena.

Aliporudi kutoka Kinshasa, Verdiane alimwonya mapema.

"Papa, siku ile watapiga simu, useme ukweli. Ng'ombe zote."

"Siko mutoto," Makuza akajibu, akaondoka.

Simu ikapigwa Jumamosi. Pale kwao simu hushika vizuri juu ya kilima kimoja tu, na wanaume hukusanyika huko tangu asubuhi wakijifanya wana shughuli. Makuza alipoona namba ya Kinshasa, alifungua kipaza sauti ili wenzake wasikie jinsi anavyotafutwa na wakubwa. Huo ndio upumbavu wenyewe. Sauti ya mwanamke ikamsalimu kwa Kiswahili cha adabu, ikamwuliza anaishi kwa kazi gani.

"Ufugaji, Mama."

"Una ng'ombe wangapi, Papa?"

Kilima kizima kikageuka kumtazama. Jirani yake Rukundo, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akitamani jibu la swali hilo hilo, akasogeza sikio. Makuza akakohoa.

"Aa, Mama, niko na tungombe tudogo tu. Tubili, tutatu. Mungu njo anatulisha."

"Wawili au watatu, Papa?"

"Ni tule twa Mungu, Mama. Mi sina kitu."

Akakata simu ameridhika, kwa kuwa alikuwa amejibu kama mtu mwenye malezi. Wenzake wakatikisa vichwa kwa heshima. Hakuna aliyemwambia kwamba amemharibia binti yake safari, pengine kwa sababu hakuna aliyeona.

Jibu la ofisi lilikuja baada ya wiki chache: viza imekataliwa, mdhamini hana uwezo. Na walikosea nini? Walimwuliza mwenyewe, akawajibu kwa mdomo wake mwenyewe. Makuza alipoambiwa, aliwatukana Wazungu, akaitukana serikali, akamtukana hata Solange aliyemlaza na kumlisha mtoto wake bure. Verdiane alimsikiliza hadi mwisho. Hakulia. Alimdharau mno siku ile, na dharau hukausha machozi.

"Papa, uko na watoto ngapi?" akauliza.

"Sita," Makuza akasema bila kufikiri.

"Sawa. Sisi tunahesabika."

Makuza akatoka kwenda kukagua ndama ambao hawakuwa na shida yoyote.

Chuo kikakubali kumwekea Verdiane nafasi hadi Januari. Safari hii ombi lilihitaji cheti cha daktari wa mifugo kinachotaja mali ya mdhamini, kwa hiyo Verdiane akamleta Papa Evode, daktari wa mifugo wa eneo hilo, jioni ng'ombe wanaporudi kukamuliwa. Evode akatoa kalamu, akauliza kwa sauti ya chini, maana na yeye ni mtu wa kule kule na swali lilimtia haya:

"Basi Papa Makuza, tuandike ngapi?"

"Tudogo tu," Makuza akasema, akitazama buti zake.

Verdiane akaenda kusimama mlangoni mwa zizi. Rukundo na mkewe walikuwa wameegemea uzio wakingoja maziwa, na Verdiane aliwaona vizuri. Akapaza sauti, akiwaita ng'ombe kwa majina yao.

"Gaju, moja. Bihogo, mbili. Sine, tatu."

Mama yake, Nyiransengimana, akaziba mdomo kwa kitenge. Ng'ombe waliingia mmoja mmoja na Verdiane akaendelea kuwahesabu, huku akiogopa kweli kweli, kwa kuwa na yeye alilelewa katika zizi lile. Makuza akavua kofia, akaivaa, akaivua tena. Ilikuwa kama anavuliwa nguo mbele ya majirani, na kusema kweli alistahili.

"Makumi tatu na moja," Verdiane akamaliza. "Andika, Papa Evode."

Evode akaandika. Rukundo alibaki mdomo wazi. Makuza akamsogelea daktari na kuchungulia karatasi.

"Haiko vile," akasema. "Kuko zingine ine kwa shemeji, kule Ngungu. Nazo uziandike."

Evode akaziandika zile nne.

"Na ile imeingia ya mwisho iko na mimba," Makuza akaongeza. "Ile uandike mbili."