Chini ya Gari, Uani kwa Mama Mkwe

Shule niliacha darasa la nne, nikaenda kuwa utingo kwenye lori la kahawa. Spana nilijifunzia huko, barabarani, na gari langu sijawahi kumpelekea fundi. Nyumba ninayokaa hapa Kitendaguro nimeijenga kwa mikono hiyohiyo. Nasema hivi ili ieleweke kwa nini jambo la Muleba lilinikera.

Muleba ndiko anakoishi mama mkwe wangu. Macho yake yote mawili yalikuwa yameingiwa na mtoto wa jicho, ikafika mahali anamimina chai nje ya kikombe. Hospitali ya Bukoba wakatuambia tumlete Alhamisi kabla ya saa sita, afanyiwe upasuaji. Daktari wa macho alikuwa anakuja kwa siku chache tu, na akiondoka ni kungoja miezi. Basi hapandi tangu aanguke akishuka. Lilibaki gari langu, na gari langu alikuwa amelikataa.

Sisi wa umri wetu, mtu hamzoei mama wa mkewe. Hatutaniani, hatuli meza moja, na neno lake kwangu linapitia kwa mke wangu hata kama tumekaa chumba kimoja. Safari yake ya mwisho, akiwa kiti cha nyuma, alimwambia binti yake, "Mwambie mume wako gari lake linagonga miguuni. Sitapanda tena mpaka lipone."

Mke wangu akanigeukia. "Umesikia?"

"Sijaambiwa bado," nikamjibu.

Akaniambia.

Mama mkwe alikuwa na haki. Ile mikono ya chuma ya chini, inayoshika magurudumu ya mbele, bushi zake, ile mipira ya kwenye maungio, zilikuwa zimekwisha, na boljointi ya kushoto, kiungo kinachoacha gurudumu ligeuke, ilikuwa inacheza. Nikashuka mjini kununua mpya. Mama anayeuza spea alizifunga kwenye gazeti, akasema, "Mzee, boliti za bushi usizikaze gari likiwa juu ya jeki. Lishushe kwanza likalie miguu yake, ndipo ukaze."

"Wewe umefunga bushi ngapi?"

"Hata moja. Mimi nauza. Wanaorudi kununua tena ndio wananiambia."

Nilimwona ana maneno mengi.

Kazi niliifanya Jumanne, pembeni ya kibanja chetu cha migomba. Udongo wa karibu na migomba ni laini, kwa hiyo jeki niliiwekea ubao chini, na gari nikaliegemeza kwenye magogo mawili. Magurudumu nikatoa, mikono nikafungua. Bushi za zamani nilizisukuma nje kwa jiliwa na kipande cha bomba. Zilitoka zimepasuka kama kisigino cha mkulima. Mpya niliziingiza kwa maji ya sabuni, maana mafuta yanaharibu mpira. Hilo nililijua. Boljointi ikaingia kwa nyundo. Kisha nikarudisha mikono mahali pake na kukaza kila kitu, gari likiwa juu, mikono inaning'inia.

Kwenye lori tulikaza hivyo miaka yote. Lakini lori lile lilikuwa na pini za chuma na grisi, chuma kinazunguka ndani ya chuma. Bushi ya gari dogo ni mpira ulioshikana na chuma. Ukiikaza mguu ukiwa unaning'inia, gari likishuka mpira unajisokota na kubaki umesokotwa. Sasa najua.

Nilipolishusha, mke wangu alisimama mlangoni akaliangalia. "Mbona limenyanyua pua?"

"Vipya huwa hivyo."

Alhamisi asubuhi tukaondoka. Kugonga kulikuwa kumekwisha, nikafurahi. Baada ya Kemondo, kila kwenye tuta gari likawa linalia kama mlango wa stoo. Mke wangu alishusha kioo ili asikie vizuri.

Tulimkuta mama mkwe amekaa nje kwenye kigoda, amevaa kitenge chake kizuri, mkoba mapajani. Gari hakuliona, lakini alilisikia tangu barabarani. Binti yake alipomwamkia tu, akasema, "Mwambie mume wako, kwanza liligonga, sasa linalia. Mimi sipandi."

"Mama, wanatungoja kabla ya saa sita," mke wangu akasema.

"Nikifa njiani hayo macho nitamwonyesha nani?"

Nilikuwa nimeshajua kosa liko kwenye zile boliti za bushi, na spana zilikuwa kwenye buti. Ila kazi ile inataka ulale chali chini ya gari, miguu nje, tumbo wazi. Uani kwa mama mkwe jambo hilo halifanyiki. Nikafikiria kulipeleka gari barabarani, lakini pale kando ni mtaro na mteremko.

"Unangoja nini?" mke wangu akaniuliza. "Haoni."

"Miguu naiona," mama yake akasema. "Mirefu ile nitakosaje kuiona?"

Nikabaki nimeshika spana. Saa ilikuwa imefika tatu na nusu. Mama mkwe akainuka, akapapasa kigoda chake, akakigeuza kielekee kwenye migomba, akakaa.

"Mwambie mume wako nimegeuka. Na asitukane chuma. Masikio yangu ni mazima."

Nilivua shati. Nilipandisha magurudumu ya mbele juu ya matofali yaliyolala ili nipate nafasi, nikazuia ya nyuma kwa mawe, nikaingia chini. Gari lilikuwa limekalia miguu yake. Nilipolegeza boliti za kulia, mpira uliachia kwa kishindo kidogo, na pua ikashuka vidole viwili. Kushoto spana ilikosa nafasi, nikahangaika huko muda mrefu kimyakimya. Mke wangu akalibonyeza gari kwenye boneti mara kadhaa ili likae sawa, ndipo nikakaza.

"Limekaa?" mama mkwe akauliza kutoka kule kwenye migomba.

"Limekaa, mama," nikamjibu mwenyewe kutoka chini ya gari.

Mke wangu alikuwa bado ameshika boneti. Akainama kunichungulia.

Nikazunguka nalo mara mbili uani ili alisikilize. Akapanda. Njia nzima hakusema neno, na gari pia halikusema. Muuguzi alimwandika ikiwa imebaki robo kufika saa sita. Yule mama wa spea sijamweleza habari hii, na bushi sijarudi kununua.

Kesho yake walimfungua bandeji ya jicho la kulia. Alimwangalia binti yake, akaangalia dirisha, kisha akaniangalia mimi muda mrefu.

"Mwambie mume wako amezeeka."

"Amesikia," mke wangu akasema.

Jicho la pili walilipangia daktari atakaporudi. Nikaenda kuleta gari mlangoni.