Mrefu Tuliyempa Gungu

Juzi mwanangu kanionyesha kwenye simu jinsi timu za kulipwa za mpira wa kikapu huko Marekani zinavyojijenga upya: zilizofanya vibaya hutangulia kuchagua vijana wapya, kisha uongozi wenye akili unawalea mpaka waive. Anashangaa kweli. Nikacheka, halafu kicheko kikaniishia. Ndugu yangu, hilo tulilifanya Ujiji kabla sijaota ndevu, na tukaliharibu kwa mikono yetu wenyewe.

Mwalimu wa michezo ndiye aliyeleta utaratibu. Kila mtaa ulikuwa na timu yake ya kikapu ya watoto, na mwanzo wa msimu watoto wageni wote, wasio na timu bado, walisimamishwa ukutani, miguu peku, wamepakwa mawese mpaka wanang'aa. Timu iliyoshika mkia inachagua kwanza. "La sivyo," alisema mwalimu, "mwakani mtacheza na nani?" Mechi zilichezwa wiki za mbalamwezi, maana dagaa huvuliwa kwenye giza. Mwezi ukiwa mkubwa wavuvi wako nyumbani, hawana kazi ila kuja kutupigia kelele.

Sisi wa mtaa wa Buzebazeba mkia ulikuwa wetu. Kocha wetu alikuwa mama jirani, mkaanga migebuka, mkali huyo usiombe. Zamu yake ya kuchagua ilipofika, akamwacha fundi wa kudunda mpira aliyetamaniwa na kila mtu, akamchukua mtoto mrefu wa familia iliyotoka Burundi, ambaye mpira ulimgonga puani huku anautazama. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Mama hakujali. Kila asubuhi kabla ya shule Mrefu alikuja, anaamkia, "Mwakeye, mama," kisha anarushiwa mpira, anarushiwa tena, harufu ya samaki ikitutesa matumbo. Akidaka vizuri, timu nzima inapata migebuka. Basi tulimwombea dua huyo mtoto kama nini!

Msimu wa pili akaanza kudaka. Wa tatu akaanza kuruka, na lo, tukaanza kuwafunga waliotuonea miaka yote. Nilikuwa nalala na jezi. Mama alituambia tuvumilie msimu mmoja tu, kombe linakuja Buzebazeba, na tulimwamini.

Baba zetu hawakuweza kuusubiri huo msimu. Mbalamwezi moja, wamekaa bure barazani, wakaamua wanataka kombe sasa hivi. Wakawapa watu wa mtaa wa Gungu Mrefu wetu, wakachukua kwao vijana wawili wazoefu, wenye ndevu tayari. Mama jirani akaja mbio, mwiko bado mkononi.

"Jamani, huyu si dagaa! Kwani ataoza kesho?"

Wakamwambia mpira ni mambo ya wanaume. Akavua filimbi shingoni, akaiweka chini, akarudi kwenye kikaango chake. Mrefu alilia mbele ya watu, nami nikalia naye, wala sioni aibu kusema.

Kombe hatukulipata. Wale wazoefu walicheza msimu mmoja, wakaenda zao kutafuta maisha. Gungu walitufunga mpaka wakatuonea huruma, na kila Mrefu alipofunga alitazama chini. Tukarudi mkiani.

Ikafika siku ya kuchagua, na wa kwanza ni sisi. Baba yangu ndiye aliyekuwa kiongozi sasa. Kati ya wageni alikuwapo binti mmoja, mwepesi ajabu, kila mtu alimwona. Baba akamnyooshea kidole kwa furaha. Mtoto akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

"Shikamoo, mzee," akasema kwa adabu zake zote. "Naomba usinichague. Nyie mnagawa watu."

Timu yetu ilikufa siku ile ile. Leo uwanja umejaa nyumba, mwalimu alihamishwa, mama jirani ametangulia mbele ya haki, na hayo nayakubali, ndiyo dunia. Linaloniuma mpaka leo ni ule mkono wa baba uliobaki hewani, unahama kutoka mtoto hadi mtoto, na wote ukutani pale wameinamisha vichwa ili asiwaone.