Mama Mita na Maji Yaliyowahi

Kwa miaka kumi na mmoja mjane mmoja alishuka darajani mara tatu kwa siku kusoma kipimo cha mto, nguzo ya chuma yenye namba nyekundu. Aliandika daftarini, kisha akaipigia simu ofisi ya maji. Mtaani walimwita Mama Mita.

Zamani mvua ilijua miezi yake. Siku hizi mto hukauka hadi mawe yakaonekana, na wiki moja baadaye hufurika. Mwaka uliopita aliwahamisha watu, maji hayakuja. Walirudi na magodoro kichwani, wanamcheka. Tangu hapo hakutulia.

Asubuhi moja, baada ya miezi saba ya ukame, alikuta mita moja na nusu. Mtaani hapakuwa pamedondoka hata tone. Saa tatu akarudi: mita mbili na robo. Akapiga simu.

"Mama, kompyuta inaonyesha maji yatafika kesho jioni," alisema afisa wa utabiri. "Mvua imenyesha milimani, lakini ardhi itakunywa nyingi."

"Ardhi gani, mwanangu? Imekauka kama kigae, hainywi kitu!"

"Hebu nitajie tena hizo namba," afisa alisema.

Alizitaja, akakata simu, akaenda mbiombio kwa wifi yake, fundi cherehani aliyepanga chumba karibu na ukingo.

"Wifi, toka."

"Thubutu! Mwaka jana ulinihamisha bure. Leo sitoki."

"Utanicheka kesho. Leo shika upande huu."

Akainama, akaanza kuiburuta cherehani peke yake. Wifi alimwona anavyohangaika nayo, akasonya, akashika upande wa pili. Majirani walipoona cherehani inatoka, nao wakaanza kukunja magodoro. Ving'ora vya ofisi vililia saa tano. Saa sita maji yalikuwa madirishani. Nyumba tisa zilikwenda na maji, hakufa mtu.

Siku ya nne afisa alikuja mwenyewe. Alisema wamerekebisha hesabu, sasa kompyuta itazingatia ukame. "Mama, pumzika kidogo."

Ushauri mzuri, ila haukumwingia. Wifi, ambaye sasa anakaa kwake, kila siku humlalamikia: jua linawaka, mwenzake ameacha chakula nusu, anataka kwenda kuchungulia mto.

"Kaa ule basi!"

"Nakuja, nakuja."

Husema hivyo huku akivaa viatu.