Karatasi Chini ya Skii

Mume wangu Ladislaus husahau siku ya ndoa yetu kila mwaka, lakini uzito wa mteja hausahau. Mtajie mtu yeyote aliyewahi kuingia karakana yao pale Jakobsberg, nyuma ya stesheni, naye atakwambia ana kilo ngapi, skii zake, zile mbao ndefu za kutelezea kwenye theluji, zina urefu gani na ni za kampuni gani, huku anatafuna. Mimi mwenyewe hajawahi kuniuliza kilo zangu, na kwa hilo namshukuru.

Alikuja Sweden kutoka Bukoba kusomea misitu. Shahada akaipata, kazi ya misitu hakuipata, na majira ya baridi yalipoingia akajishikiza katika duka la skii kupaka nta. Hiyo ni miaka kumi na minane iliyopita, na bado amejishikiza. Mwanzoni wateja walikuwa wakichungulia nyuma ya bega lake wakimtafuta fundi mwenyewe. Mtu wa Kagera, aliyezoea barafu ya kwenye friji ya soda, atajua nini kuhusu theluji? Siku hizi wanamngoja yeye, na akiwa likizo wanageuza na skii zao kurudi nyumbani. Madeleine, mwenye duka, amekwisha kuzoea.

Mimi naitwa Concessa, ni Mrundi, na kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani mwao. Skii nilizivaa mara moja tu, nikaanguka mbele ya watoto wa chekechea, nikazivua palepale. Kwa hiyo haya ninayosema niliyasikia mezani kwangu, na nimeyasikia mpaka basi.

Jambo la kwanza ni kwamba mtu wa skii habadili kampuni. Atabadili gari, atabadili mke, lakini kama baba yake alivaa Rimsjö, naye atavaa Rimsjö mpaka azikwe. Hao wa Rimsjö ndio wenyewe hasa. Kampuni ilipobadili rangi kutoka buluu kwenda kijivu, mama mmoja mtu mzima alilia dukani. Wakishindwa mashindano, hulaumu theluji. Ukipenda, chongo huita kengeza. Na katika skii za Rimsjö kuna moja waliyoipa jina Saba, kwa kuwa ndiyo namba yake, na watu wa Saba huwatazama hata wenzao wa Rimsjö kama watu ambao bado hawajafika.

Mzee Sigvard alikuwa mtu wa Saba. Alikuwa seremala, akastaafu. Mkewe alifariki miaka sita iliyopita na binti yake anaishi mbali huko Umeå. Vasaloppet, zile mbio za skii za kilomita tisini za kila Machi, alikwisha kuzimaliza mara ishirini na tisa, zote juu ya Saba, na Machi ijayo alitaka kutimiza thelathini. Kila Oktoba alikuja karakana na chupa ya jamu aliyopika mwenyewe, na kila Oktoba mume wangu alimpokea kwa kumgombeza. Kwa nini umeziweka karibu na jiko? Nani kakupa nta hii mbaya? Mzee akicheka, naye anazidisha. Nilimwona Ladislaus akiwa na wajomba zake kule Bukoba, na sikumwona akiwagombeza wajomba kwa upendo ule.

Mwaka jana Rimsjö walitangaza kwamba hawatengenezi Saba tena. Duka liligeuka matanga. Ladislaus akaziweka kando jozi mbili za mwisho, zote za urefu wa Mzee Sigvard. Moja ilikuwa ya mtu wa kilo themanini hadi themanini na nane, na hiyo akaiandikia jina la mzee, maana mzee alikuwa na kilo themanini na nne tangu wajuane. Nyingine ilikuwa laini, ya mtu mwepesi wa kilo sabini hivi, na ilibaki tu kwa sababu haikupata mwenyewe.

Hapa lazima nieleze, la sivyo hamtaona alichokiona. Skii hizi zimepinda, katikati zimeinuka kama upinde wa mshale. Hapo katikati ndipo hupakwa ile nta inayoshika. Ukiikanyaga kwa mguu mmoja kwa uzito wako wote, tumbo la skii lazima liguse theluji, ndipo upate pa kujisukumia. Lisipogusa, mlima utakurudisha nyuma. Kwa hiyo fundi humsimamisha mteja sakafuni juu ya skii, anapiga goti, anapitisha kipande cha karatasi chini. Mteja akiegemea mguu mmoja, karatasi inabanwa. Ikibanwa, skii ni yako.

Mzee Sigvard alipokuja Oktoba, alikuwa na koti nene na chupa yake ya jamu. Ladislaus akamgombeza kama kawaida, akamsimamisha juu ya Saba yake mpya, akapiga goti. Akamwambia aegemee mguu wa kulia. Karatasi ikapita. Akamwambia aegemee kwa nguvu zaidi, na mzee akasema ameegemea kwa nguvu zote. Karatasi ikapita tena, huru kabisa. Ladislaus akainua macho na kwa mara ya kwanza siku ile akatazama shingo ya mzee ndani ya kola ya shati.

Akainuka, akamwambia skii ziko sawa, azifuate kesho baada ya kufungwa vifungio vya viatu. Mzee alipotoka, akabandua kibandiko cha uzito kwenye jozi ngumu, akabandua na cha jozi laini, akavibadilisha. Kesho yake Mzee Sigvard akaondoka na Saba ya mtu wa kilo sabini, akidhani ni ya mtu wa themanini na nne.

Mimi sikuambiwa lolote. Niliona tu mtu haongei, na sahani yake inarudi jikoni na wali nusu. Nikadhani ni tumbo. Nikadhani labda kazini wanataka kupunguza watu. Nikadhani na mengine ambayo mke hudhani, nikanusa mashati. Ilikuwa Jumamosi ya tatu, tukiwa chumba cha kufulia chini ya jengo letu, tumeshika shuka kila mtu upande wake, ndipo akasema. Alisema akitazama mashine.

Nilikasirika kweli. Kazini kwangu, mzee akipungua kilo tatu kwa mwezi naandika, nampigia muuguzi siku hiyohiyo, na muuguzi asipopokea napiga tena. Kupungua hakuji bure kwa mtu wa miaka sabini na minne. Nikamwambia kwamba huyo mzee anaishi peke yake, suruali zinamvuka hakuna wa kumwona, na mtu mmoja tu aliyemwona amechukua kibandiko akakibandika mahali pengine.

"Nilitaka asianguke mlimani," akasema.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua, Baba Heshima. Na weye umemfichia mwenzio maradhi yake mwenyewe."

Akakaa kwenye benchi, shuka magotini, akanieleza kile ambacho kwa miaka kumi na sita ya ndoa hakuwahi kunieleza. Baba yake alianza kukonda Ladislaus akiwa na miaka kumi na mitatu. Ilikuwa miaka ile ya Bukoba ambayo kila kijiji kilikuwa na matanga, na watu walisalimiana bila kutazamana mwili. Neno kukonda halikutamkwa. Ulimwambia mtu amependeza, amekuwa kijana. Jumapili moja, nje ya kanisa, jirani akamwambia baba yake mbele ya watu, "Umekonda, ndugu yangu." Baba akarudi nyumbani, akavua viatu, akalala, na hakusimama tena mpaka walipombeba. Ladislaus anajua kwamba neno haliui mtu. Amesoma. Lakini mdomo wake haujui.

Nilimhurumia, nisiseme uongo. Ila huruma yangu kwake haikumpunguzia mzee hatari. Tena hawa wenyeji nao si wa kutegemewa. Mswidi ataona jirani amebaki mifupa, atasema hali ya hewa ni nzuri. Mzee angeweza kuisha taratibu katikati ya watu wenye adabu.

Basi tukaanza kungoja, na kungoja kule nisimwombee hata adui. Ladislaus akasema atamwambia Jumatatu. Jumatatu akapiga simu, wakaongea robo saa juu ya nta. Akasema atamwambia akija kununua fimbo za skii, na mzee hakuja. Wiki ikapita, na nyingine. Nikiwa kwenye basi nilijikuta nikitazama viganja vya wazee wa watu. Nilitaka kumpigia mimi, lakini ningemwambia nini mtu nisiyemjua, kwamba mume wangu ameona shingo yako? Heshima, mtoto wetu, alituuliza kwa Kiswidi kama tunaachana. Nikamwambia ale.

Theluji ya kwanza ilianguka Desemba, wiki ya sikukuu ya Mtakatifu Lucia. Asubuhi ile nilipoiona dirishani nilijua mzee atakwenda na skii zile msituni peke yake. Nikamwambia Ladislaus kwamba leo atamwita, na mimi baada ya zamu nitakuwa pale karakana, na asiposema yeye nitasema mimi. "Mama Heshima, usinisukume," akasema. Nikamsukuma.

Mzee Sigvard alikuja saa nane na skii zake begani, akidhani vifungio vinakazwa. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona. Nimeshika wazee wengi, nikajua kabla hajavua kofia. Nikampa mkono, kikawa kiganja cha mifupa.

Ladislaus hakumgombeza. Akaenda nyuma ya rafu, akatoa jozi ngumu iliyobaki, akailaza sakafuni, akamwomba asimame juu yake. Halafu akanipa mimi karatasi. Sijui kwa nini. Nikapiga goti kwenye sakafu yenye vumbi la nta, mzee akaegemea mguu wa kulia mpaka nikamsikia akipumua kwa shida, nikavuta. Karatasi ikatoka kama chini ya mlango.

"Umekonda, Sigvard," mume wangu akasema. "Umekonda sana. Niliona Oktoba. Nilibadili skii badala ya kukwambia."

Mzee akashuka polepole. Hakuonekana kushangaa, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa kweli. Akachukua zile alizokuja nazo, akazikutanisha nyayo kwa nyayo, akazibana katikati kwa mkono mmoja. Zikafumbana, mwanya wote ukaisha.

"Najua ulizibadili," akasema. "Nilizibana jikoni kwangu siku ileile. Nimevaa Saba miaka thelathini, haijawahi kufumbana kwa mkono mmoja."

Ladislaus akamuuliza kwa nini hakusema.

"Nilikuwa na miadi ya daktari wiki ile," mzee akasema. "Nilikuwa nimeogopa. Halafu nikafikiri, Ladislaus ameona, na Ladislaus hunigombeza hata kwa tone la nta. Kama yeye amenyamaza, basi ni uzee tu. Nikapiga simu nikaifuta miadi."

Kule mbele Madeleine alikuwa akimwonyesha mteja glavu. Mzee alisema maneno yale kwa upole, na hiyo ndiyo iliyoumiza, maana kama angepiga kelele tungekuwa na la kufanya. Mume wangu alikuwa amesimama, mikono inaning'inia. Nimemjua mtu huyu miaka kumi na minane, sijawahi kumwona hajui aweke wapi mikono.

Mimi niliinuka nikachukua simu, kwa sababu ndiyo kazi ninayoijua. Nikamkalisha mzee kwenye kigoda cha kujaribia viatu, nikapiga kituo cha afya, nikabonyeza namba walizotaka, nikangoja. Muuguzi akapokea. Nikaongea, nikampa mzee, mzee akataja namba yake ya utambulisho na akajibu kwamba ndiyo, hamu ya chakula haipo, na ndiyo, hujisikia kuchoka. Akashusha simu kifuani.

"Anauliza imeanza lini," akasema. "Na nimepungua kiasi gani. Nyumbani sina mizani."

Ladislaus akafungua mtoto wa meza, akatoa daftari lake la majina na uzito wa wateja. Akalifungua bila kutafuta ukurasa. Nikachungulia, nikaona jina la mzee na safu yake ya Oktoba zote, themanini na nne, themanini na nne, na chini yake mstari wa mwisho, kwa kalamu ileile na mwandiko uleule uliotulia, makadirio ya fundi ambaye hakosei. Alikuwa ameuandika siku ileile.

Akanyoosha mkono, akaipokea simu kutoka kwa mzee.

"Kilo sabini na moja," akamwambia muuguzi. "Zamani themanini na nne." Akasikiliza. "Ndiyo, kuna mtu aliyeona. Mimi. Tarehe kumi na nne Oktoba."