Udi Hauzibui Bomba

Naikumbuka siku moja, mwanangu, na huanza kuikumbuka kwa pua kabla ya macho. Nyumba yetu pale Kaloleni, Kisumu, ilinukia udi tangu asubuhi, na chini ya ule udi kulikuwa na harufu nyingine ambayo hakuna aliyethubutu kuitaja. Ilikuwa miaka ya themanini, mimi msichana wa kuposwa, na mama alikuwa akiandaa dua ya kumrehemu baba.

Baba alituachia nyumba na mzambarau. Aliupanda mwenyewe uani, karibu na bafu, ili upate unyevu. Msimu wake ulipofika, watoto wote wa mtaa, Waislamu kwa Wakristo, walikuwa na ndimi za rangi moja, na matunda yaliyobaki mama aliyapeleka soko la Kibuye. Ee Mola, utamu ule! Siku hizi nikinunua zambarau naonja ukakasi tu. Baba alipofariki, mama akawa anausalimia ule mti kila alfajiri anapokwenda kutawadha. Tulimcheka kidogo, kisha tukazoea.

Basi dalili ya mvua ni mawingu. Kwanza maji ya kuogea yakaanza kusitasita kabla ya kushuka. Halafu ukimwaga ndoo bafuni, choo cha chumba cha pili kinagugumia. Majani kando ya ukuta yakastawi wakati wa kiangazi, pale tu na si kwingine, na mvua ikinyesha harufu inapanda. Mama alikuwa na dawa moja kwa yote hayo: chetezo. Choo kikigugumia, anafukiza. Harufu ikizidi, anaongeza udi. Sisi watu wa udi tuna maradhi hayo, mwanangu. Tunaweza kuifukiza nyumba mpaka tukasahau kwamba inaumwa.

Asubuhi hiyo jirani yetu Mama Awino, mama wa Kijaluo asiyejua kumumunya maneno, alikuja kutusaidia kuchambua mchele wa pilau. Akasimama mlangoni, akakunja pua.

"Mama Zuhura, hii harufu unaifukizia udi kama mgeni, na haiendi. Choo inalia, bafu inakataa maji, yote pamoja! Hiyo si nywele imeziba kwa bafu. Ni bomba kubwa ya nje. Ita fundi."

"Itapita, Mama Awino," mama akajibu bila kumtazama.

"Itapita wapi, na njia imefungwa?"

Mama akapuliza makaa ya chetezo, akaongeza udi.

Adhuhuri wageni wakafika. Wanaume wakatawadha mmoja baada ya mwingine, maji yakimiminika bila kupumzika, na lile bomba likarudisha kila kitu kilichokuwa kimebanwa ndani. Maji taka yakapanda bafuni, yakavuka kizingiti, yakaingia ukumbini. Mikeka ya dua ikanajisika. Wageni wakainua kanzu zao, wakatoka kimya kwa adabu, na adabu ile ndiyo iliyomuumiza mama kuliko kicheko. Dua ya baba ilisomwa sebuleni kwa Mama Awino, ambaye alikuwa ameshatoa viti vyote nje na kufagia kabla hata hajaombwa.

Fundi alikuja kutoka Kondele, akachimba. Bomba lilikuwa la udongo, la zamani, na mizizi ya mzambarau ilikuwa imejaa ndani kama nywele kwenye kitana. Akasema angeitwa mapema, angekata mizizi na kulihamisha bomba, mti ukabaki. Sasa bomba limepasuka, maji yamekula chini ya msingi, na mizizi imeushika ukuta. Ni mti au nyumba.

Mama hakubishana. Aliniita pembeni, shoka likiwa limeshaanza kazi.

"Nilijua, Zuhura. Choo kilipogugumia mara ya kwanza, nilijua ni mti wa baba yako. Niliogopa watanikatia."

Nikamshika mkono mpaka mti ukaanguka. Mama naye ametangulia. Nina hamu naye, nina hamu na kivuli kile uani, na udi ukifukizwa harusini mimi hutoka nje kidogo nikafute macho.

Sikiliza basi, mwanangu. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Maji yakisita mahali pamoja, safisha hapo. Lakini yakisita bafuni na jikoni kwa pamoja, choo kikigugumia wakati hukukigusa, majani yakastawi juu ya bomba pasipo mvua, harufu ikaondoka na kurudi, usikimbilie chetezo. Ita fundi siku hiyo hiyo. Na kama kuna kitu unachokipenda hapo juu ya bomba, mwite haraka zaidi, maana mficha maradhi kifo humuumbua, na mama aliuua mti wake kwa kuuonea huruma.

Mwenyezi Mungu akupe nyumba yenye amani, na jirani asiyeona haya kukwambia kwamba inanuka. Akupe na mzambarau. Uupande mbali na bomba, mwanangu, na ukizaa nami bado nipo, niletee zambarau za kwanza.