Chapa ya Bwana Shauri Katika Mizinga ya Sikonge

Nilifunga safari kwa sababu ya chupa za asali. Mwanamke mmoja wa Uingereza, Bi Helen, anaandika maisha ya babu yake, mwanasiasa ambaye ujanani alikuwa Bwana Shauri, yaani ofisa wa serikali ya kikoloni, huko Sikonge. Mimi ni mwalimu mstaafu wa historia, naishi Dodoma, na ndimi ninayemsomea nyaraka za Kiswahili. Babu huyo alirudi kwao, akagombea ubunge akashindwa, akagombea tena akapata, akakaa bungeni miaka mingi, akawa naibu waziri, mwisho akapewa ulodi, cheo cha heshima cha kwao. Kila mwaka ilimfikia asali kutoka Sikonge, na kila uchaguzi aliinua chupa jukwaani kuonyesha jinsi Waafrika walivyompenda hata kutundika mizinga kwa jina lake. Alipinga uhuru wetu kwa chupa hiyohiyo. Uhuru ukaja, asali ikaendelea kwenda, naye akajiona ameshinda hoja. Bi Helen alitaka picha ya mzinga wenye jina hilo, aiweke kwenye jalada.

Saa kumi na mbili asubuhi basi liliondoka Dodoma. Ukishapita Itigi unaingia katika pori ambalo wapagazi wa misafara waliliita Mgunda Mkali, kwa kiu iliyowaua humo. Sisi tulilikata kwa saa chache tu, abiria wakila mayai ya kuchemsha na kulalamikia sauti ya video. Mimi nilikuwa nasoma hotuba za Bwana Shauri kuhusu bei ya maziwa jimboni kwake. Alikuwa msemaji mzuri, lazima nikiri, ingawa alinichosha.

Tabora tulifika alasiri. Nilipokelewa na Bi Zuwena, mama wa ukoo wa Kiarabu mwenye duka la vitambaa karibu na soko. Marehemu baba yake ndiye aliyekuwa akizifunga chupa zile na kuzipeleka posta.

"Baba hakuwa akiuliza," aliniambia huku akinimiminia kahawa. "Mzee Maganga wa Sikonge analeta, yeye anafunga. Bwana yule alipokufa, barua ikaja kwamba basi, tusipeleke tena. Mzee akasema yeye hawezi kuacha. Tukamwambia, mzee wetu, posta haina sanduku la marehemu!"

"Sasa anafanyaje?"

"Nenda ukaone mwenyewe, mwalimu. Ila usianze na mambo ya picha. Kaa kwanza, msalimiane."

Asubuhi iliyofuata nilikwenda Sikonge kwa gari, kisha nikachukua pikipiki kwenye njia ya vumbi, tukipishana na baiskeli zilizobeba tumbaku. Mzee Maganga, mfuga nyuki anayekaribia miaka themanini, alikuwa uani akikarabati mzinga wa gogo ulioshushwa kutoka mtini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mwangaluka," akaongeza kwa Kinyamwezi, nami nikaitikia vivyo hivyo.

Ndani kulikuwa na rafu iliyojaa chupa za asali, nyingine nyeusi kwa kukaa. "Hizo ni za Bwana Shauri," alisema. "Hakuna wa kuzipokea."

Nilimuuliza mizinga ilipataje jina la mtu huyo.

"Walitutoa msituni wakisema pana malale. Kijiji kikahamishwa, mizinga ikapigwa marufuku. Sasa baba alikuwa amembebea Bwana Shauri sanduku lake kichwani, akaikariri ile chapa ya duara yenye jina lake iliyokuwa juu ya sanduku. Akaichonga kwenye mizinga yetu yote. Askari wa msitu akifika anaona ni ya bwana mkubwa, anapita zake."

"Kwa hiyo haikuwa heshima?"

"Heshima ya nini, mwalimu? Yeye ndiye aliyetuhamisha."

"Na asali mliyompelekea?"

"Mzinga unamlisha mwenye chapa. Ukila yote peke yako umeiba, hata kama jina uliliazima bila kumwambia."

Katika ukoo wake, alinieleza, chapa haifutwi mpaka mwenyewe au mrithi wake aruhusu. Baba yake alikufa akiomba alama yake mwenyewe irudi, na Mzee Maganga hakujua pa kuuliza. "Nikifa hivi," alisema, "wanangu watarithi mizinga ya Mzungu."

Hapo nilijua kwamba ruhusa anayoitafuta iko kwenye simu yangu, na kwamba siwezi kuiomba bila kumvunjia Bi Helen hadithi aliyolelewa nayo. Nilimwonea huruma. Lakini nilimwonea huruma zaidi mzee yule.

Saa nane mchana tulipanda kichuguu nyuma ya nyumba, maana ndipo mtandao unapopatikana. Nilimweleza Bi Helen kila kitu. Akauliza: kwa hiyo hawakumpenda?

Nilimtafsiria mzee.

"Mwambie hatukumjua. Alikaa mvua tatu, akaondoka. Lakini jina lake lilitulisha, na sisi tukamlisha."

Bi Helen alilia kidogo, nilimsikia. Kisha akasema mzee aifute chapa.

Mzee Maganga alishuka, akachukua tezo, akaikwangua chapa ya duara kwenye ule mzinga wa uani. Mahali pake akachonga mikato mitatu ya mshazari, alama ya baba yake. Alikataa kusaidiwa. Alipomaliza alifuta macho kwa kiganja, akaniambia, "Haya, piga picha yako."

Nilirudi Dodoma kwa njia ileile. Wiki mbili baadaye Bi Helen aliniandikia kwamba sura ya asali ameiandika upya, na picha ya mikato mitatu ndiyo itakayokaa kwenye jalada. Alikuwa na swali moja tu: chini yake aandike jina gani?

Nilifungua daftari langu. Humo mlikuwa na majimbo yote aliyogombea Bwana Shauri, vyeo vyake, hata jina la farasi wake. Jina la yule aliyembebea sanduku sikuwa nimeuliza. Nilikwenda stendi siku hiyohiyo kukata tiketi ya Tabora, uso ukiniwaka kwa aibu. Nimefundisha historia maisha yangu yote, na ilibidi Mwingereza aniulize jina la Mnyamwezi.