Mlango wa Gari Uliniumbua kwa Mkwe Wangu

Aliyetuletea haya ni msomaji wa Tabora. Jina lake tunalo na tumelificha kama alivyoomba. La jirani yake amelibadili mwenyewe.

Ndugu wasomaji, shikamooni mlio wakubwa zangu. Mimi ni mwanamume wa miaka ishirini na tisa, dereva wa mnunuzi mmoja wa pamba. Nakaa Cheyo na mke wangu na mtoto wetu wa kwanza, ambaye hata kuketi bado. Naandika nikiwa nimeinamisha kichwa. Mke wangu hajui, na Mungu apishe mbali asije akasomewa gazeti hili na mtu.

Nianze na gari, maana bila gari nisingeumbuka. Ni jeusi. Wenye kujua magari mtanionea huruma: jua la huku na vumbi la njia ya Igunga vikikuta rangi nyeusi isiyo na kinga, muda si muda imepauka kama sufuria kuukuu. Kwa hiyo kila Jumamosi naruhusiwa kulileta nyumbani. Naliosha, nalikausha, nalipaka nta ya kopo, nyembamba kabisa, naiacha ikauke mpaka ifanye ukungu, ndipo nasugua kwa flana hadi mkono uniume. Nasema bila kujisifu... ah, naongopa, najisifu sana. Mjini hapa hakuna gari linalong'aa kama langu, ingawa si langu.

Basi mke wangu alipojifungua, mama yake alikuja kwa treni kutoka Bukene kumwangalia. Wa kwetu mnajua heshima ya mkwe. Kwa wageni niseme tu kwamba mimi na mama mkwe hatutazamani usoni, wala hatusemezani ana kwa ana. Akiniona hugeuka, hujifunika kanga, hupita upandeupande kama anayekwepa tope. Akiwa na neno humwambia mtoto: "Mjukuu wangu, mwambie baba yako uji uko tayari." Nami hujibu huko huko: "Mwambie bibi ahsante." Mtoto mwenyewe kalala fofofo.

Wiki ile nta ya kopo iliniishia, na madukani haikuwepo. Mama mkwe alinisikia nikimlalamikia mke wangu. Kumbe katika mzigo wake alikuwa na bonge la nta ya nyuki, ya mizinga ya baba mkwe. Akamwambia mtoto: "Mwambie baba yako achukue yote, kazi yake isiharibike." Niliiyeyusha ndani ya kopo, kopo limekaa kwenye maji ya moto, nikaipua, nikachanganya na tapentaini, nikapaka. Jamani! Mlango wa gari uligeuka kioo, ungeweza kuutumia kunyolea ndevu.

Nikaenda nyuma ya nyumba kumwaga maji machafu, nikamkuta jirani yangu, nimwite Maganga, tukapiga soga. Mama mkwe akadhani nimetoka, akaja na mtoto kuketi kwenye kivuli cha gari. Tuliporudi alisikia hatua zangu. Akafanya kama inavyompasa: akanipa mgongo, uso akauelekeza kwenye mlango wa gari.

Sijui shetani gani alinipanda. Maganga ni mtu wa kucheka, na mimi ni mtu wa kupenda kuchekesha. Nilijitanda flana kichwani, nikaanza kupita upandeupande nyuma ya mkwe wangu, najifunika uso hivi, nachungulia hivi. Maganga akaziba mdomo, mabega yanamtikisika. Nami, kwa kiherehere changu, nikaongeza: nikapakata ndoo kama mtoto, nikawa naisemesha.

Ndipo nikainua macho kwenye mlango wa gari. Nilijiona mzima mzima, na flana yangu na ndoo yangu. Na chini kidogo nikauona uso wa mama mkwe, mara ya kwanza tangu nioe, macho yake yananitazama.

Hakugeuka. Alimpigapiga mtoto mgongoni, akasema taratibu: "Mjukuu wangu, mwambie baba yako gari limetakata."

Afadhali angenitukana. Kesho yake alipanda treni kurudi kwao, na alikuwa akae mpaka mzazi apate nguvu. Hakumwambia mtu sababu. Mke wangu alilia: "Mama gani anamwacha mwanawe na mtoto mchanga?" Na mimi, ndugu zangu, nikamjibu: "Wazee wana mambo yao." Nilisema hivyo kwa mdomo wangu huu. Sasa huko Bukene shemeji zangu wanamsema mama yao, eti amekuwa na roho mbaya, na yeye kimya. Nimemwelewa. Akieleza nilichofanya, itambidi aeleze alikionaje, akiri kwamba alimtazama mkwewe usoni. Na mimi nikijitaja ili kumwondolea lawama, nitakuwa nimemvua nguo mbele ya watoto wake. Nikinyamaza, anaendelea kulaumiwa kwa upuuzi wangu. Naona haya hata kula.

Juzi kashuka mtu wa Bukene na kifurushi. Ndani, bonge la nta, kubwa kuliko lile la kwanza. Mjumbe akasema bibi ameagiza mtoto amwambie baba yake asiliache gari likapauka. Mke wangu alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu siku ile, akaniambia: "Umeona? Mama anakupenda kuliko anavyonipenda mimi."

Nta iko chini ya kitanda, sijaigusa. Jumamosi niliosha gari nikaliacha hivyo hivyo, na bosi ameshauliza kulikoni. Nashindwa kuutazama ule mlango.

Ninyi mngekuwa mimi mngesema, au mngenyamaza? Na mkiona niseme, basi nifundisheni nimtume nani kwa mama mkwe, maana mtoto bado hajaanza kusema.